Kuwalisha Wauaji wa Dada

Kila asubuhi nilikuwa nawalisha wauaji wa dada yangu. Nawatoa kwenye kabati la joto, nawabadilishia maji yao mekundu yenye sukari, nawachungulia kwa darubini. Wamenenepa, wameongezeka, hawana habari. Nawatukana kimoyomoyo, kisha nawarudisha kwenye joto lao. Ndiyo kazi yangu pale maabara.

Wauaji hao ni seli zilizotoka kwenye uvimbe wa saratani wa dada. Alikuwa fundi cherehani, mdomo wake hauna breki, na uvimbe aliuita Mpangaji. Alipokubali maabara yetu ibaki na kipande, alinikamata mkono.

"Mdogo wangu, walishe vizuri. Halafu siku moja uwanyonge. Niahidi."

Nikaahidi. Tulimzika mwezi huohuo.

Ndani ya seli zetu kuna protini ambayo kazi yake ni ulinzi: seli ikiharibika vibaya, inaiamuru ijiue. Kwenye uvimbe wa dada mlinzi huyo alikuwepo, ila amepinda, hana nguvu ya kuamuru. Sisi tulikuwa tunatafuta molekuli ndogo ya kumnyoosha.

Tulijaribu dawa chungu nzima. Moja iliwafyeka wote, nikarukaruka kwa furaha. Mkuu wetu wa maabara, mwanamke mkavu tuliyempachika jina la Mama Ushahidi, wala hakutabasamu.

"Angalia sahani ya pili."

Kwenye sahani ya pili huwa tunaweka seli za saratani zisizo na mlinzi kabisa. Kama dawa kweli inamnyoosha mlinzi, hizo haziguswi. Nazo zilikuwa zimekufa.

"Hiyo sumu tu, mwanangu. Itamuua na mgonjwa."

Nilitamani kumrukia. Mimi nilitaka wafe, basi. Lakini dada hakuniomba sumu, na sumu alishapewa ya kutosha hospitalini, mpaka nywele zikaisha. Nikameza hasira, nikaendelea kulisha.

Mpaka asubuhi ile, tulipojaribu dawa nyingine. Sahani ya pili ilikuwa imejaa seli hai tele, hazina hata mkwaruzo. Kwenye sahani ya dada seli zilikuwa vipandevipande. Mlinzi alikuwa amenyooka, ametoa amri, na wauaji wamejimaliza wenyewe. Nilicheka mpaka miwani ikaingia ukungu.

Mama Ushahidi alichungulia, akatikisa kichwa kukubali. "Safi. Sasa rudia. Mara moja haimshawishi mtu."

Nikaichukua sahani ya dada nikaitupe, mkono ukagoma. Dawa ilikuwa imenyoosha tu. Yule mlinzi aliyewakaba alikuwa wa dada, wa mwili wake mwenyewe. Nililia palepale, na glavu mikononi, nikiwa na furaha mbaya ambayo sitamwomba mtu radhi kwa ajili yake.

Kisha nikaenda kwenye jokofu la barafu, nikatoa kichupa kingine cha seli zake zilizogandishwa, nikakiyeyusha haraka kwenye maji ya uvuguvugu.

"Amkeni," nikawaambia. "Kuleni mshibe. Dada yumo humohumo, anawasubiri."