Pua ya Mwalimu

Mwalimu wa sanaa wanafunzi walimwita Nyoosha, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Hakupita kwenye picha ya mwanafunzi bila kusema, "Hebu ninyooshe kidogo," na kabla mwenye picha hajajibu, brashi ilikwishachovywa kwenye rangi. Kichwani mwake kulikuwa na pua moja tu, nyembamba, iliyonyooka kama rula, na pua hiyo aliigawa kwa kila mtu. Alimpa hata mkuu wa shule, aliyening'inia ukutani ofisini kwake akiwa na pua ambayo mama yake mzazi asingeitambua. Mkuu aliipenda sana picha ile.

Binti wa dobi hakumheshimu Nyoosha hata chembe. Mtu gani huyu, alijisemea, amefundisha kuchora miaka kumi na tisa na hajawahi kumtazama mtu usoni? Alijisemea tu, maana mdomo wake ulikwishamtoa darasani mara mbili, na mwaka huu hakuweza kutolewa tena. Alikuwa kidato cha mwisho. Chuo cha sanaa kilichukua watu kwa alama za mradi wa mwisho, na nje ya hapo hakikutaka kusikia habari nyingine.

Mradi wenyewe ulikuwa sura ya mtu wa nyumbani. Miezi mitatu alimchora mama yake kwa krayoni za nta kwenye karatasi nene. Mama alikuwa na pua iliyopinda kushoto tangu siku alipoteleza kwenye maji ya sabuni akagonga ukingo wa karo la kufulia. Binti alianza na pua hiyo, sura yote iliyobaki akaijenga kuizunguka. Na mlangoni pa darasa lilikuwepo sharti la mtihani kwa herufi kubwa: kazi yoyote iliyoguswa na mkono wa mtu mwingine itapata sifuri. Aliyelibandika ni Nyoosha.

Jumatatu asubuhi, siku ya mtahini, waliingia darasani wakakuta picha ishirini na mbili ukutani na pua ishirini na mbili zilizonyooka. Nyoosha alikuwa ameshinda humo Jumamosi nzima.

"Mmeona?" alisema, akisugua viganja. "Sasa zinaonekana ni sura za watu."

Wanafunzi wakatabasamu. Hilo ndilo lililomchefua binti kuliko yote. Shangazi wa huyu na babu wa yule wamegeuzwa ndugu wa tumbo moja, na wenye picha wanapongezana! Akaisogelea ya kwake. Chini ya macho aliyoyahangaikia wiki tano palikaa pua ya mtu asiyemjua.

"Mwalimu, umepaka rangi ya maji juu ya nta?"

"Enhe! Nta huikataa rangi, ila si kwangu," alisema Nyoosha, kifua mbele. "Unatia matone ya sabuni kwenye rangi, inashika vizuri. Huo ndio utaalamu, binti."

"Na pua yake je?"

"Ilikuwa na kasoro. Nimemstiri mama yako."

Hasira ilimpanda mpaka masikio yakawaka moto. Amemstiri! Matusi aliyokuwa nayo yangetosha darasa zima na mengine yakabaki. Lakini neno moja lilikuwa limemnasa: sabuni. Mtu aliyelelewa katikati ya mabeseni hasomeshwi habari za sabuni. Akafunga mdomo, akatoka kwenda bombani kulowesha leso.

Aliporudi, mtahini alikwishafika, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. Alipita picha tano akasimama.

"Mwalimu, hawa wote ni ukoo mmoja?"

Nyoosha alicheka peke yake. "Ndiyo mtindo wa shule yetu, mama."

"Mimi naona mkono mmoja, tena wa mtu mzima." Akafungua kalamu yake. "Sharti mnalijua."

"Aah, hawa watoto wana tabia ya kuigana," alisema Nyoosha haraka. "Nimewakataza mpaka nimechoka."

Darasa zima lilimtazama. Hata wale waliokuwa wakitabasamu, tabasamu liliwakauka. Binti wa dobi alipenya katikati yao, leso mkononi.

"Mama, naomba dakika moja tu."

Akaibandika leso kwenye pua ya picha, akasubiri kidogo, akafuta. Rangi ya Nyoosha ililegea ikatiririka mpaka kidevuni, povu na yote. Nta haikutikisika. Pua ya mama ikatoka, imepinda kushoto vilevile.

Jirani yake wa dawati akakimbilia picha yake na mkono wa shati uliolowa. Binti alimdaka. "Wewe ulitumia rangi ya maji! Utamfuta na babu mwenyewe!"

Mtahini alivaa miwani, akaitazama ile pua kwa muda mrefu. "Hii nimeiona, ni mkono wako," alimwambia binti, akaandika. Kisha akaagiza wengine wapewe karatasi mpya, wachore tena mbele yake hadi saa sita. Nyoosha alitolewa nje, akakalishwa kwenye korido kama mwanafunzi mchelewaji.

Mchana wazazi walikuja kutazama maonyesho. Mama alifika kutoka kazini, vidole vimekunjamana kwa maji, akasimama mbele ya picha yake. Pembeni palikuwa na alama: tisini na moja. Hakuiangalia alama. Aliinua mkono akaigusa pua yake taratibu, kama anayehakikisha ipo.

"Kumbe huwa unanitazama," alimwambia binti yake.

Nyoosha akajisogeza, mikono nyuma. "Mama, nia yangu ilikuwa njema. Nilitaka kukupendezesha tu."

Mama alimpandisha akamshusha kwa macho, jinsi anavyomtazama mteja aliyeleta shati lenye doa la mwaka jana huku akiapa ni la jana.

"Kwani mwalimu," alisema, "nani alikwambia nimeharibika?"