Dwight Alivyorudi na Samaki

Saa moja asubuhi Wilma Skoglund alisukuma mashua majini, akamkalisha daktari wa meno kutoka Seattle kwenye kiti cha mbele, akampa kikombe cha kahawa na kumkataza kugusa kitu kingine chochote. Ilikuwa wiki ya pili ya Oktoba, majira ya vichwa-chuma: samaki aina ya trauti walioteremka baharini wakiwa wadogo kama kidole, na sasa wanaupanda Mto Tamsett kurudi walikozaliwa, warefu kama mkono wa mtu mzima. Mei na Juni Wilma huongoza wageni kuvua trauti wa kawaida, wale wasiohama mto. Julai maji hupata moto, samaki wakagoma. Lakini mtu wa Seattle akikaa mwaka mzima anapanga safari, ujue ni kichwa-chuma anayemtaka.

Mumewe, Dwight, naye alikuwa mwongozaji. Miaka minne nyuma, mwezi Machi, alikuwa amesimama kwenye maji ya kiunoni akimshikia mgeni mashua, kampuni ya bwawa lililo juu ya mto ikafungua milango ya maji bila kupiga king'ora. Mgeni aliokoka. Dwight hakuonekana tena. Kampuni iliandika kwamba mto ulijaa wenyewe kama kawaida ya Machi, na hakimu akasema bila maiti hakuna kesi. Ulikuwa uongo mtupu, na hapa kwetu hakuna asiyejua hivyo.

Dwight alikaa baharini miaka miwili, kama vichwa-chuma wengine. Oktoba ya tatu akarudi na kundi, amenenepa, mgongo unang'aa kama sufuria mpya, chawa wa baharini wamemganda kwapani. Waongozaji huwafurahia chawa hao, maana ni dalili kwamba aliye nao hajamaliza hata wiki mtoni. Hasemi. Haonyeshi kumtambua mtu. Hupanda mpaka kwenye ukuta wa bwawa, ambao haukujengewa njia ya samaki, akaugonga kwa kichwa pamoja na wenzake hadi Aprili, kisha huteremka amekonda. Wilma alitaka jambo moja tu: kumtoa majini, hakimu amwone, halafu amzike.

Mwaka ule wa kwanza alimwita Hollis, bwana samaki wa wilaya. Hollis alivaa suruali yake ya mpira, akaingia majini, akampima Dwight kwa utepe, akampapasa mgongoni.

"Wilma, huyu hajakatwa pezi."

"Hana pezi, Hollis. Ni Dwight. Krismasi ulikula kwetu."

"Najua ni Dwight. Ila wanaofugwa kituoni wote hukatwa pezi iwe alama. Asiyekatwa ni wa asili, na wa asili hatolewi majini hata kidogo. Sheria sikuiandika mimi."

"Angekuwa mkeo je?"

"Ningelia," Hollis akasema, kisha akaandika kwenye daftari lake: futi sita kasoro inchi moja.

Sasa ilikuwa Oktoba ya tatu tangu Dwight aanze kurudi. Saa nne asubuhi, kwenye maji ya kina chini ya bwawa, nzi bandia wa manyoya kwenye ndoana ya daktari alizama na ufito wa kuvulia ukapinda. Walivutana dakika ishirini. Aliyenaswa aliruka mara mbili, na mara ya pili Wilma akaliona shati.

"Ni mkubwa?" daktari aliuliza.

"Ni mume wangu."

"Pole. Naweza kupiga naye picha?"

"Akiwa majini, daktari. Haruhusiwi kuinuliwa."

Wilma mwenyewe hakuwa na nia ya kutii. Tangu Septemba alikuwa ametandika godoro nyuma ya gari lake, na kamba juu yake. Aliingia majini. Alilowesha mikono kwanza, kama inavyotakiwa, asije akamchubua. Akamtoa ndoana mdomoni. Akamshika kifundo cha mguu kwa mkono mmoja na kwapani kwa mwingine, akamwelekeza kichwa kule mto unakotoka ili maji yampitie apate nguvu. Alikuwa baridi sana. Wilma alimpenda saa ile kuliko siku ya harusi yao, na alishapima kwa jicho: hatua kumi na moja kufika ukingoni. Ndipo Dwight akapiga teke dogo, lile la samaki aliyekwisha pumzika. Kwa Wilma, kwa miaka thelathini, teke hilo limekuwa na maana moja tu: mwachie. Mikono ikafunguka yenyewe.

Alibaki amesimama mikono wazi, akalia pale pale bila kujificha.

"Nimevua na waongozaji wengi," daktari akamwambia alipotulia. "Sijaona anayeachia vizuri kama wewe."

Januari kampuni ilitoa taarifa yake. Vichwa-chuma waliofika ukutani walikuwa arobaini na wawili, mmoja zaidi ya mwaka uliotangulia. Mto una afya, kwa hiyo njia ya samaki haihitajiki. Wilma alipiga simu kuuliza kama Dwight yumo. Binti wa ofisini alimjibu kwa adabu kwamba yumo. Waliozama wana orodha yao, alisema, lakini mtu haingizwi humo mpaka kwanza atolewe majini.

Machi milango ilifunguliwa, king'ora kimya. Safari hii maji yalimchukua Royce Ostby, mwongozaji, akiwa anafunga mashua yake. Wiki mbili baadaye mkewe Trudy, mwongozaji vilevile, alikuja kukaa jikoni kwa Wilma. Supu aliyowekewa hakuigusa.

"Hurudi Oktoba ya ngapi?" akauliza.

"Ya tatu."

Trudy alihesabu kwa vidole. "Nitamshika. Mikono yangu ina nguvu, wewe unanijua."

"Hata yangu ina nguvu. Nisikilize, Trudy. Siku hiyo usiingie wewe. Tafuta mtu ambaye hajawahi kuvua samaki maishani mwake."