Bilha Aombwa Kuhubiri Uzazi

Huko Maragoli, magharibi mwa Kenya, Bilha alizunguka na baiskeli miaka kumi na mmoja akiwafundisha watu kupanga uzazi. Mkobani alibeba vidonge, kondomu, na uume wa mbao wa kufundishia ambao mchungaji wake aliwahi kuushika akidhani ni mchi wa kutwangia kitunguu saumu. Watu walimsikiliza, maana mashamba yalikuwa yamegawanywa mpaka jogoo wa mtu anawika kwake huku mkia uko kwa jirani.

Mwaka 1998 alikuwa Marekani, mjini Annandale, Virginia, akiajiriwa kumtunza Lorraine, mjane wa miaka sabini na mmoja mwenye magoti mabovu na ulimi mzima. Lorraine alikuwa na mtoto mmoja tu, Wayne, mwanamume wa miaka arobaini aliyeshughulika kutengeneza kompyuta za watu zisije zikachanganyikiwa mwaka 2000 ukifika. Wayne na mkewe Denise hawakuwa na mtoto.

Asubuhi moja gazeti lilisema kwamba katika nchi nyingi tajiri wanawake hawafikishi tena hata watoto wawili, na kwamba kule Italia majeneza yamezidi vitanda vya watoto wachanga. Lorraine alilisoma mara mbili, kisha akamtazama Bilha kama mtu aliyegundua kisima uani kwake. Alitaka Bilha, aliyetoka kwa watu wanaojua kuzaa, azungumze na Wayne na Denise wakija Jumapili. Bilha akamweleza kwamba kazi yake kule ilikuwa kuwazuia watu wasizae ovyo. Lorraine akajibu kwamba aliyejua kufunga mlango hashindwi kuufungua, na tangu saa hiyo akagoma kumeza dawa ya presha. Siku ya pili Bilha akasalimu amri.

Jumapili, kuku akiwa mezani, Lorraine aligonga gilasi kwa uma. Bilha akasimama. Alikuwa amepanga kusema watoto ni baraka, lakini mdomo uliozoea haukuomba ruhusa. Akajisikia akisema kwamba mtoto mmoja aliyeshiba ni bora kuliko saba wanaogombania ugali, na kwamba mwanamume anayejisifia wingi wa watoto aulizwe kwanza majina yao. Denise akapiga makofi. Lorraine akamrushia Bilha kipande cha mkate, kikamkosa, kikatua kwenye mchuzi.

Bilha akakimbilia jikoni kutafuta kitambaa. Denise akamfuata, ule uchangamfu wa mezani umemtoka kabisa.

“Tumejaribu miaka sita,” alisema kwa sauti ndogo. “Mimba tatu zimeharibika. Wayne hataki mama yake ajue.”

Bilha, ambaye aliwahi kujibu maswali ya kila namna kuhusu mambo ya chumbani, safari hii alimshika mkono tu. Kisha akamwambia, “Mwambie. Yule mama anagombana na kitu asichokijua.”

Denise akarudi mezani akasema yote, Wayne akiwa amekazia macho sahani yake. Lorraine aliweka uma chini, uso ukamwiva, mpaka Bilha akaanza kuwaza habari ya presha.

“Mimi niliacha kuzaa kwa kupenda,” bibi akasema hatimaye. “Baba yako alitaka wanne. Lakini kichwa chako, Wayne, kilikuwa kama tikiti maji. Nikamwambia akitaka mwingine azae mwenyewe.” Akamgeukia Denise. “Nisamehe, mwanangu.”

Denise akacheka huku analia. Wayne akajipapasa kichwa kana kwamba anakipima.

Mjukuu hakuja. Lakini Wayne alianza kuja kila Jumatano kumwangalia mama yake, na hata kumkata kucha za miguu, kazi aliyoifanya vibaya huku akitukanwa. Bilha akazitumia Jumatano hizo kusomea uuguzi katika chuo cha pale pale Annandale. Siku ya kwanza mwalimu aliwaonya wanafunzi kwamba nchi hii itakuja kujaa wazee. Wenzake wakaguna. Bilha akasogeza kiti mbele.