Upande wa Pili wa Mbaazi

Kunguni wa mbaazi, yule wa kijani, ni mdudu mvivu, nami namjua kuliko ninavyowajua majirani. Asubuhi mapema, umande ukiwa bado, utamkuta juu kabisa kwenye maganda machanga, anaota jua. Jua likipanda anateremka kivulini chini ya majani, na ukimtafuta saa hizo unajitafutia maumivu ya kiuno tu. Jioni anarudi juu kunyonya mbaazi za watu. Kwa hiyo mwenye akili humwokota asubuhi, akamtia kwenye beseni la maji ya sabuni.

Lakini ana ujanja mmoja. Akikuona haruki, anazunguka kijiti na kujificha upande usiokuwepo wewe. Ndiyo maana mimi na mke wangu, Kahaso, tuliifanya kazi hii wawili, yeye huko, mimi huku. Akiwatimua wananijia, nikiwatimua wanamwendea. Kidole kimoja hakivunji chawa, alikuwa akisema. Na tukirudi nyumbani haniruhusu kugusa sima mpaka ninawe kwa ndimu na majivu, maana uvundo wao hung'ang'ania vidoleni. Nikinung'unika, ananinusa tena.

Tulizipanda mbaazi za mwaka huu pamoja, kisha Kahaso akafariki kabla masika hayajakwisha. Mbaazi hazikujua. Zilizaa, kunguni wakaja, na kila asubuhi nilisimama upande mmoja nikiwaona wanahamia wa pili. Nikizunguka, nao wanazunguka. Basi nikachukua leso yake, nikaifunga kwenye mti mrefu, nikausimika upande wake. Upepo ukiipiga leso, kunguni wanakimbilia kwangu. Na mtu akishasimamisha leso ya mkewe shambani, ataachaje kuisalimu? Niliisalimu. Niliipa na habari za mbuzi.

Jirani yangu Tsofa akapita, akasikia, akampigia simu binti yangu Jemima, anayefanya kazi hotelini Diani, kumwambia babake ameanza kuzungumza na nguo. Ati Tsofa, anayesemezana na ng'ombe wake kutwa nzima!

Jemima huniuliza kila jioni kwenye simu kama niko salama, nami hujibu salama. Simu haipitishi harufu. Safari hii hakupiga. Alikuja, akalala, na alfajiri akanifuata shambani kuniambia ameniwekea kitanda kwake Ukunda, tuondoke siku hiyo hiyo. Nikamwambia mbaazi hizi amezipanda mamake, na kabla hazijavunwa sitoki, hata dunia nzima ikiniita kichaa. Kusema kweli niliogopa. Mtoto akishaamua kwamba umeharibikiwa, hakusikilizi tena.

Nikamwonyesha wale kunguni wanavyozunguka, na leso inavyowarudisha. Aliitazama leso muda mrefu. Kisha akaifungua, akajifunga kiunoni kwa ajili ya umande, akaenda kusimama upande wa pili. Alitikisa matawi, kunguni wakanijia, nikawaokota mpaka beseni likawa kijani tupu.

Nyumbani niliponyosha mkono kwenye sima, akaushika, akaunusa.

“Baba, nenda ukanawe.”

Nilinawa, nikakaa huko nje kitambo. Machozi yalikuwa yananitoka, nikaisingizia ndimu.

Akakubali nivune kwanza. Adhuhuri pikipiki ikaja kumchukua, na kwa haraka ya kuwahi zamu yake akaondoka bado amejifunga ile leso. Sikuona mpaka alipokwisha kwenda.

Asubuhi iliyofuata nilikuta ule mti umesimama mtupu. Kunguni walikuwa juu ya maganda, wanaota jua lao. Nikamwahi mmoja, waliobaki wakahamia ng'ambo. Nikazunguka. Wakazunguka. Nikaweka beseni chini, nikampigia Jemima, mimi ambaye sijampigia tangu tumzike mamake. Akaniuliza kama niko salama.

“La,” nikamwambia. “Upande wa pili hakuna mtu.”

Nilisikia vyombo vya hoteli vikigongana nyuma yake, na mtu akimwita, naye hakuitika.

“Umenawa mikono, baba?” akauliza mwishowe, na sauti ilikuwa ya mamake.

Nikavinusa vidole vyangu, nikamwambia bado.