Jezi ya Israël Ndani ya Kioo

Siku ya kumaliza matanga ya Israël, kocha Lennox alifika kwenye ukumbi wa kanisa pale Alum Rock, mtaa wa Birmingham, Uingereza, akiwa amebeba fremu kubwa ya kioo iliyofungwa kwa blanketi. Ndani yake mlikuwa na jezi ya kijana huyo, ya kijani, namba thelathini na nne, pamoja na tope la mechi yake ya mwisho. Lennox hakuifua. Aliona tope lile nalo ni la kutunzwa.

Lennox alikuwa Mkenya, muuguzi. Ujanani alisoma Amerika, na huko ndiko alikojifunza mpira wao, ule wa kofia ngumu na mabega ya plastiki. Alipohamia Birmingham alikuta shule moja karibu na Perry Barr ina vijana wanaoutaka mpira huo na haina wa kuwafundisha. Akawafundisha mchezo mmoja tu: fulubeki kwanza. Huyu si beki wa soka anayelinda goli. Husimama nyuma ya mgawa mpira, na mpira ukianza anajitupa katikati ya ukuta wa wapinzani. Mara amepewa mpira, mara mikono yake ni mitupu na mwenye mpira amekwisha kuzunguka pembeni. Wapinzani hawajui lipi ni lipi, basi humwangukia yeye kila mara. Asipopatikana mtu wa kukubali kuangukiwa, mchezo wote unakufa.

Israël alikubali. Alikuwa na miaka kumi na sita, mpana, mpole, mtoto wa Mama Rosalie kutoka Uvira, Kongo. Homa ya uti wa mgongo ilimchukua kabla watu hawajamaliza kuulizana anaumwa nini. Tangu hapo Lennox aliwaambia vijana warushe mpira. Hawakujua kurusha, wakapigwa na kila timu. Walimwomba warudie mchezo wao, akakataa. Pale nyuma ya mgawaji hakutaka kumwona mtu mwingine.

Ukumbini, nguo za marehemu zilikuwa zimetandazwa mezani. Mama Rosalie aliita jina, mtu akaja, akakabidhiwa. Koti lilikwenda kwa mjomba Norbert. Viatu vilikwenda kwa binamu yake, Mardochée, ingawa vilimzidi. Wachezaji walikaa nyuma na sahani zao za wali.

"Huyo jamaa alikuwa anakimbia kama friji imesukumwa kwenye ngazi," Kullow alinong'ona. Yeye ndiye alikuwa mkimbiaji wa pembeni.

"Na wewe ulikuwa unajificha nyuma ya hiyo friji ukaitwa staa," Gurnam akamjibu. Gurnam alikuwa Singasinga, lakini babu yake alizaliwa Kisumu, na Kiswahili alikipata kwa nyanya yake.

Walicheka kidogo, kisha wakatazama sahani zao.

Lennox akasimama, akafungua blanketi. Mama Rosalie alikisogelea kile kioo.

"Kocha, umenifungia mwana ndani ya kioo?"

"Mama Israël, kule nilikosoma, mchezaji wa maana hutunziwa jezi yake. Hakuna atakayeivaa tena."

"Hakuna?"

"Hakuna, mama."

"Na kazi yake, nani anaifanya?"

"Hakuna."

Mama Rosalie akaketi. "Kwetu nguo ya mufu hatuitundikake, baba. Tunaifula, tunapatia mutu, anaivaa, anatembea nayo. Yenye inabaki bila mutu ni ya yule hakukuwa na ndugu." Akawageukia vijana waliokaa nyuma. "Mwanangu hakukuwa na ndugu?"

Lennox aliilaza fremu kifudifudi mezani, akaomba kisu, akaanza kulegeza skrubu. Akaitoa jezi.

Mama Rosalie aliichukua jezi akaenda nayo jikoni, naye Lennox akamfuata. Maji ya bomba yalipoigusa, beseni likageuka kahawia.

"Mama, hilo tope ni la siku yake ya mwisho."

"Najua. Ni mimi nilikuwa naifulaka kila juma." Hakuacha kusugua. Alisugua kwanza mabegani, ambako tope lilizidi, kwani ndiko walikokuwa wakimgonga. Aliyamwaga maji, akajaza mengine, mpaka yakabaki meupe. Ndipo akampa Lennox upande mmoja, wakaikamua pamoja, kila mtu akisokota kivyake, bila kutazamana.

"Unapatia nani?"

Jina hilo Lennox alilijua tangu wiki ya mazishi, na ili asilitaje ndipo akawaambia vijana warushe mpira.

"Gurnam," alisema.

Gurnam alipoitwa, alikuja akasimama mlangoni. "Kocha, mimi siwezi kama yeye."

"Najua. Jumamosi utasimama pale pale."

Mama Rosalie alimwinamisha kijana kichwa, taratibu, asivuruge kilemba chake, akamvalisha jezi ikiwa bado mbichi. Ilimbana mabegani. Aliivuta chini upande huu, akaivuta upande ule. Kisha mikono yake ikabaki pale mgongoni, juu ya namba, na hakuna aliyemhimiza aitoe.