Herufi Zilizovuliwa Kofia

"Mzee, meseji imeingia. Nikusomee?"

"Usinisomee!"

Mzee Kiprotich aliifunika simu yake kwa viganja vyote viwili, kama mtu anayefunika maziwa akiona paka. Ogola, anayeshona viatu na kuuza soli kwenye kibanda jirani, alirudi nyuma akicheka.

Akello hakucheka. Alikuwa ametengeneza simu miaka mingi hapa Eldoret, na alijua kwamba mtu anayelinda simu namna hiyo hajaja kubadilishiwa kioo.

"Chamgei, Mzee," alisema, akamsogezea kiti.

"Chamgei mising." Mzee alifurahi kusalimiwa kwa lugha yake, akakaa. "Msichana, nataka kusoma meseji zangu mwenyewe. Mafundi wawili kule juu wameniongezea ukubwa wa herufi, sasa neno moja linajaza kioo kizima. Lakini mdudu nisiyemjua, hata akinenepa, bado simjui."

Simu yenyewe ilikuwa ngeni mtaani. Mwanawe Kiprono, anayefanya kazi ya kompyuta Nairobi, alimwachia simu yake ya zamani inayotumia Linux, mfumo usio wa simu za kawaida, na mafundi wengi wakishaiwasha huirudisha upesi kama chai isiyo na sukari. Akello aliifahamu Linux. Alipokuwa amepanga chumba Kesses, mwanafunzi mmoja alimuuzia kompyuta kuukuu iliyokataa kila mfumo mwingine, naye akaisoma polepole, kosa kwa kosa.

"Mbona usimwambie Kiprono?"

Mzee alishusha sauti. "Mama yake alishatutangulia. Kuna mambo ambayo mtoto hafai kuwa wa kwanza kuyasikia." Akakohoa. "Kuna mtu wa kule Turbo. Huniandikia."

"Mtu."

"Mtu. Mjane, anauza mahindi."

"Na nani hukusomea?"

"Mjukuu wangu, Chebet. Husoma mezani, kwa sauti, kama taarifa ya habari. Siku moja akafika pale pa 'usiku mwema', nyumba nzima ikapiga makofi. Nikamsimulia, na tangu hapo huyo mtu ananiandikia bei ya mahindi tu."

Akello aliuma mdomo asicheke. "Si muongee tu kwa simu?"

"Nyumba yangu ina masikio. Na yeye anasema kuna maneno ambayo mdomo unayaonea haya. Jana nikamwambia, lile ulilotaka kuniambia liandike, kesho nitalisoma mwenyewe. Sasa ndilo hilo limeingia." Alikigonga kioo kwa ukucha. "Nikilipeleka nyumbani, ni Chebet."

Akello alipapasa chini ya meza. Kisha akampa kipande cha katoni na kalamu. "Niandikie 'viazi na maziwa'."

Mzee aliandika bila kusita. Alikuwa amesoma darasa la ngumbaru kanisani kwa Mwalimu Thuo, na ubaoni hakuna kilichomshinda. Hata Biblia aliisoma, ingawa mistari mingi aliijua tayari kwa moyo. Akello alipunguza ukubwa wa herufi, akafungua meseji moja ya zamani ya bei ya mahindi, akamwomba aonyeshe anapokwama. Kidole cha mzee kilitua, kikasogea, kikatua tena juu ya herufi ile ile. Kwenye katoni, herufi hiyo ilikuwa mpira wenye kijiti ubavuni. Kwenye simu ilikuwa imepinda mgongo na kujifunika juu.

"Mzee, hii ni a."

"Hii? Mbona ina kofia?"

"Ni ile ile. Imevaa tu."

"Na hii iliyo kama miwani iliyoanguka?"

"Ni g."

Mzee aliziangalia kwa muda. "Mwalimu Thuo hakutuambia zina nguo za kutokea."

Alijaribu tena. Neno la kwanza likaenda, la pili likachechemea, na kabla ya mwisho wa mstari alikuwa amepotea. Kiswahili kimejaa a. Anayejikwaa kwenye a atajikwaa kila hatua.

"Kichwa kinakubali," alisema kwa huzuni, "jicho linakataa."

"Basi tuliache jicho. Tubadilishe herufi."

Akello alitafuta mtandaoni fonti, yaani umbo la herufi, iliyochorwa kwa ajili ya watoto wa chekechea, ambayo a yake ni ya mviringo kama ya ubaoni. Akaipata ya bure, akalinakili faili lake hadi kwenye folda ya fonti ndani ya simu, akafungua tena ile meseji ya zamani.

"Bado zimevaa kofia," alisema mzee.

"Mama, hiyo simu imekukataa," Ogola alidakia. "Ilete nikuwekee soli."

"Shona, Ogola." Akamgeukia mzee. "Ni kama nimeleta mgeni nyumbani bila kumtambulisha."

Alifungua dirisha jeusi la kuandikia amri, akaiambia simu ihesabu fonti zake upya. Fonti mpya ikajitokeza kwenye orodha, lakini simu iliendelea kupendelea ile ya zamani. Kwa hiyo akaandika faili fupi la maagizo: anayetaka herufi za kawaida, apewe hii kwanza. Kisha akaizima na kuiwasha. Mzee alikitazama kioo cheusi kama anayesubiri ng'ombe asimame baada ya kuzaa.

Mwanga ulirudi. Akello hakugusa meseji. Alifungua ukurasa mtupu, akaandika sentensi yake mwenyewe, akampa simu.

Midomo ya mzee ilianza kucheza. "O-go-la a-na-da-i ng'o-mbe wa-ke hu-ta-ga ma-ya-i." Halafu mabega yakatikisika kwa kicheko. "Ogola! Ng'ombe wako hutaga?"

"Nani amesema?"

"Imeandikwa hapa!"

Akello alimwonyesha pa kufungulia meseji mpya na pa kuandikia jibu, akakigeuza kiti chake akatazama ukuta. Ogola alirefusha shingo.

"Ogola. Soli."

Shingo ilirudi. Mvua ya alasiri ilianza kugonga mabati, na nyuma ya mgongo wake Akello alisikia mnong'ono wa silabi tu, ukikatika, ukirudi, ukiendelea. Kisha ukanyamaza.

"Msichana. Hii ya mwisho, iliyo kama ndoano yenye nukta chini. Ni herufi gani? Mwalimu hakufika hapo."

"Hiyo si herufi, Mzee. Ni alama ya kuuliza. Aliyeandika anauliza kitu."

"Anauliza?"

"Anauliza, na anangoja ajibiwe."

Mzee alisoma tena tangu mwanzo, safari hii bila mnong'ono. Akavuta pumzi. Akello akasikia kidole kikigonga kioo, taratibu, mara chache tu, kisha kimya.

"Umemaliza?" Aligeuka kwa mshangao.

Mzee Kiprotich alikuwa tayari amesimama, akifunga vifungo vya koti lake la mvua hadi shingoni.

"Nimemaliza," alisema. "Halikuwa swali la maelezo mengi."