Dorotea Aigiza Dereva wa Bangi

Siku hiyo foleni ya magari ya kuvuka ziwa kwa kivuko kwenda Busisi ilifika hadi kwenye banda la chakula la Dorotea, pale Kigongo. Katikati yake lilisimama gari la matangazo lenye spika mbili juu ya paa. Lilileta vijana wa maigizo pamoja na Afande Perez wa usalama barabarani, waje kuwaonya madereva juu ya bangi na mirungi. Lakini aliyepangwa kuigiza dereva mvuta bangi alikuwa amebaki Mwanza, tumbo linamsokota.

"Nani atatusaidia kuigiza?" Afande aliuliza kwenye kipaza sauti.

Wanaume wote wakageuka kutazama ziwa. Nani aoneshe ujuzi wa bangi mbele ya polisi?

Dorotea alicheka mpaka mwiko ukamponyoka. "Nipeni mimi. Hawa nawapikia kila siku, nawajua."

Akajifunga kanga kiunoni, akakalia kreti la soda, mfuniko wa sufuria ukawa usukani. Macho akayalegeza. Mara akakanyaga breki, akimkwepa mbuzi ambaye hakuwepo, kisha akamwinamia kwa adabu: "Shikamoo, mzee."

Watu hoi kwa kicheko.

"Dereva, tumeingia ziwani!" akalia kijana aliyeigiza abiria.

"Ndiyo maana barabara imekuwa laini!"

Utingo wa lori la pamba akaruka juu. "Bosi Chenge, si wewe huyo!"

Chenge, dereva wake, alicheka na wenzake, macho yake mekundu yakibubujika machozi. Kisha kicheko kikamkauka. Asubuhi ile, kule Misungwi, alimkosakosa mama mwenye baiskeli, na hakumwambia mtu. Akamsogelea Dorotea.

"Dada, ndivyo ninavyoonekana kweli?"

"Hapo nimekusitiri, ngosha," Dorotea alijibu, akimwita "mwanaume" kwa Kisukuma.

Chenge akamkabidhi ufunguo wa lori. "Nitavuka kesho." Akala wali na sato, akajinyoosha kwenye benchi, akakoroma huku magari mengine yakimpita.

Wiki iliyofuata Afande Perez alimrudia Dorotea: waende wote kuigiza Busisi na Sengerema. Miaka yote aliwapikia wasafiri, yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kuvuka. Kwenye kivuko alishika chuma kwa mikono miwili, upepo ukimpepea kanga, akicheka peke yake kama msichana.

Ng'ambo walimkuta Chenge amekwisha kuwakusanya madereva wenzake.

"Huyo dereva anayeigizwa ni mimi," aliwatambia, "ila nimeshaacha. Haya, dada, waoneshe!"